Ukitaka kumpima refa wa hoki ya barafu, acha kuangalia paki

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Edmonton alinipigia simu, mtu wa Lubumbashi, mwanae anacheza hoki ya barafu na yeye mwenyewe ana misimu minne anapuliza kipenga, sasa chama chao kimemwambia aanze kukaa jukwaani awatathmini marefa wadogo na hajui aanzie wapi. Tuliongea saa nzima. Nikaona bora niandike kabisa, mi niko Winnipeg na kazi hiyo nimeifanya misimu sita, na najua wengine wetu huku Kanada na Marekani wataombwa pia, na ni kazi ambayo ukiifanya vibaya mtoto anavua jezi ya mistari na hairudii tena.

Nilichomwambia kwanza ndo kigumu kuliko vyote: usiangalie paki. Jicho la mtu aliyezoea mchezo linakimbilia paki lenyewe, kale kadude keusi ka raba ngumu, gramu 170 hivi, kanaruka huku na huku kwenye uwanja wa mita 61 kwa 26, na ukikafuata unajikuta umeiangalia mechi nzima vizuri tu ila ukiulizwa refa alisimama wapi goli la pili lilipofungwa huna jibu. Mi nafanya hivi, kipindi cha kwanza nakaa katikati ya jukwaa, juu kabisa, nawaona wote, alafu cha pili nahamia nyuma ya goli nasimama pale kwenye kioo, na hapo namchukua refa mmoja dakika tano nzima namfuata yeye tu, hata watu wakishangilia sigeuki. Mwanzoni inauma. Utazoea.

Sasa ukishamwangalia yeye, anzia miguuni. Hiki kitu kimenichukua misimu miwili kukiona. Refa akikosea wote tunapiga kelele kwamba haoni, kumbe macho yake mara nyingi ni mazima, ila alikuwa amesimama mahali ambapo hata wewe usingeona. Nitatoa mfano. Januari, uwanja wa mtaani, nje baridi ya -31, mechi ya watoto yenye marefa wawili tu, na kwenye mfumo huo wa wawili kila mmoja anafanya vyote, kuotea ni kwake, adhabu ni zake, goli ni lake. Shambulizi likaja mbio, kijana wa miaka 15 ndo alikuwa mbele, akasimama mstari wa buluu, ule unaoanzisha eneo la kushambulia, akahakikisha hakuna aliyeotea, safi kabisa, paki ikaingia eneo hilo. Kuanzia hapo alitakiwa amwachie mwenzie mstari ashuke mpaka mstari wa goli. Mwenzie alishafika. Yeye akabaki pale anauangalia mstari, sekunde mbili tu, na alipoanza kushuka shuti lilishapigwa, kipa kaangukia paki, rundo la watu, kijana yuko mita nane nyuma kwenye duara, akatandaza mikono yote miwili pembeni kuonyesha hakuna goli. Jukwaa likawaka. Baba mmoja pembeni yangu akasimama kabisa anamwita kipofu.

Kwenye daftari langu sikuandika kwamba alikataa goli halali, maana paki kwa kweli sikuiona, nilikuwa naangalia skeiti zake. Niliandika hivi: kipindi cha 2, saa ya uwanja 7:40, kachelewa kuuacha mstari wa buluu, mwenzie alishafika, goli limeamuliwa akiwa kwenye duara. Ukimwambia mtoto umekosea goli anabaki na aibu tu hana la kufanya nayo, ila ukimwambia chelewa yako ilianzia hapa, hicho kitu anaweza kukirekebisha hata kesho.

Kitu cha pili, angalia sekunde tano baada ya kipenga. Marefa wengi wadogo wakishapuliza wanaona kazi imeisha, wanainamisha kichwa wanaifuata paki waiokote, na nyuma ya mgongo huko ndo mtu anasukumwa, anapigwa fimbo ya kifundo, maneno yanaanza, na dakika kumi baadae watu wanarushiana ngumi afu unasikia eti mechi iliharibika ghafla. Haikuharibika ghafla. Refa mzuri akipuliza anainua uso, anatembeza macho kwa wachezaji, paki itasubiri. Na ukija kwenye mechi za marefa watatu au wanne ngumi zikianza, wa mistari, wale wa kuangalia kuotea, ndo wanaingia kuamulia ugomvi, refa wa adhabu anakaa kando anaangalia na kushika namba kichwani, kwahiyo ukimkuta naye kajitosa katikati anavuta jezi za watu hilo andika, maana hapo hakuna tena wa kusema nani alianza.

Kuhusu mawasiliano nina kipimo kirahisi sana. Ziba masikio. Mkono ulienda juu moja kwa moja ukabaki juu mpaka timu iliyokosea ilipoimiliki paki? Alipofika kwa watu wa meza, wale wanaoandika adhabu, alisimama kwanza, akatoa rangi ya timu, namba, kosa, ishara moja iliyonyooka? Kama wewe kule juu bila sauti umeelewa kila kitu basi na makocha wameelewa.

Nakuomba kitu kimoja, usihesabu adhabu za kila timu ukaona 6 kwa 2 ukasema huyu anapendelea. Timu moja inaweza ikawa inafanya fujo kweli. Refa akijua supavaiza anahesabu ataanza kusawazisha, na kusawazisha ndo uozo wenyewe. Machi 2021 kwenye NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki huku Kanada na Marekani, mechi ya Nashville na Detroit, maikrofoni ilimnasa refa akisema alitaka kuwapa Nashville adhabu mapema, na kesho yake ligi ikatangaza hatachezesha tena. Unachopima ni kama kosa la dakika ya 3 linabaki kosa dakika ya 57, kwa timu zote mbili.

Na hapa niseme la moyoni. Fomu nyingi zina kisanduku cha kumpa mtu namba 1 mpaka 5 kwa jinsi anavyojiamini au mamlaka aliyonayo uwanjani, na nimesoma fomu za kutosha kujua nani wanapewa namba ndogo pale, ni mabinti, ni watoto wafupi, ni watoto wetu wanaoongea Kiingereza chenye lafudhi ya nyumbani. Muulize aliyeandika, uliona nini hasa? Mara nyingi hana cha kusema. Jay Sharrers, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Kanada, aliingia NHL 1990 kama refa wa mistari, na ikabidi ifike 2001 ndo ligi imuone refa wa adhabu mweusi wa kwanza akichezesha, na alikuwa ni yeye. Kwahiyo ukitoa namba kwenye kisanduku kile weka na sentensi ya kitu ulichokiona kwa macho, ukikosa sentensi acha wazi.

Sasa kuongea nae baada ya mechi. Msimu wangu wa kwanza nilimkalisha binti wa miaka 16, jasho halijakauka, nikamsomea makosa kumi na moja niliyoandika. Yote yalikuwa ya kweli. Akasema asante, na wiki ile ile akarudisha jezi. Nimelibeba hilo mpaka leo. Siku hizi mechi ikiisha nasimama nje ya mlango wa chumba chao kwanza, kocha au mzazi mwenye hasira aanze na mimi, kwasababu hawa ni watoto, mikoa kadhaa huku wale chini ya miaka 18 wanavalishwa kitambaa cha kijani mkononi ili watu wakumbuke wanamtukana mtoto, na bado wanatukanwa. Nawaacha dakika kumi wanywe maji wafungue skeiti. Nikiingia nauliza, wewe mwenyewe umeionaje? Nakaa kimya. Wengi watalitaja kosa lenyewe kabla yangu. Kisha natoa vitu viwili, kimoja alichokifanya vizuri chenye dakika yake, kimoja cha kufanyia kazi, na daftari nalifunga hata kama limejaa.

Yule kijana wa goli nilipomuuliza alisema, nilikuwa mbali. Nikamwambia ulikuwa mbali kwasababu ulimsubiri mtu ambae alishafika, mwenzio akishafika wewe shuka. Basi. Wiki tatu baadae nikaenda kumwangalia tena, na safari hii niliangalia hicho kimoja tu, na kipindi cha tatu shambulizi likaja vile vile, akatupa jicho nyuma mara moja, akauachia mstari, akakata kona akafika pembeni ya nyavu kabla ya shuti, kainama kidogo, na paki ilipopita chini ya kipa alinyoosha mkono kuelekea golini bila kusita. Kocha wa timu iliyofungwa hakusema neno.