Aliwapokea duniani, wakambeba kaburini

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Kijijini kila mtu anamjua mwenzake. Kuna haja gani ya kuandika habari za waliokufa?" Najibu kwamba haja ipo, na inatokana na kujuana huko huko. Watu wanaojuana hawaandikiani. Kila jambo linakaa kichwani, na mwenye kichwa akizikwa, linazikwa naye.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga. Siku ya maziko yake alisomewa wasifu wa dakika mbili: alizaliwa mwaka fulani, akaolewa, akajaliwa watoto saba, akaanza kuugua, akapelekwa hospitali, hali ikabadilika ghafla, akafariki. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Ina sentensi tisa, na tano kati ya hizo ni za ugonjwa. Ukunga haukutajwa hata kwa neno moja. Jeneza lilibebwa na wanaume sita, na wanne kati yao ni yeye aliyewapokea walipozaliwa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Aliyeandika ni mjomba wangu, aliandika usiku huku analia, akaweka yale aliyodhani ndiyo yanayotakiwa kuwekwa. Kazi ya bibi ilijulikana na kila aliyesimama pale kaburini, ndiyo maana hakuna aliyeona sababu ya kuitaja.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Kila alipotoka kuzalisha, alichukua kipande cha mkaa akachora mstari ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chake. Mstari mrefu ulikuwa wa mtoto aliyelia, mfupi wa aliyezaliwa kimya. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hesabu ya madeni. Siku moja kabla ya maziko, vijana wa nyumbani walipaka nyumba nzima chokaa ili wageni waikute safi. Wakasukuma mlango, wakapaka na pale nyuma yake. Yalikuwa maandishi pekee ya maisha yake, yakafutwa kwa ajili ya msiba wake.

Tangu siku ile nimekuwa nikitazama jinsi watu wa vijijini wanavyokumbukwa, na naona mizani imeegemea upande mmoja. Kifo huandikwa, maisha hayaandikwi. Uandishi wenyewe wa vifo vya watu wa kawaida una umri mrefu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha kuandika wanaobatizwa, wanaofunga ndoa na wanaozikwa. Kwa amri hiyo, vibarua na wachungaji wa mifugo ambao hakuna mtu angewaandikia kitabu wakapata angalau mstari mmoja. Siudharau mstari huo. Katika kijiji cha Eyam, huko Derbyshire, Uingereza, tauni iliingia mwaka 1665, wanakijiji wakakubaliana kujifungia wasiusambaze ugonjwa kwa majirani, na ndani ya miezi kama 14 wakafa watu zaidi ya 250. Tunawajua kwa majina kwa sababu yaliandikwa. Tunajua pia kwamba mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane, akichimba makaburi kwa mikono yake mwenyewe karibu na shamba lao. Lakini mumewe alikuwa mtu wa namna gani? Yupi kati ya wale sita alikuwa mtundu, yupi alipenda kulala kifuani kwa mama? Hapo kitabu kinanyamaza, na naamini pia kwamba majirani waliokuwa na majibu nao walikuwa wanakufa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Romania, katika kijiji cha Săpânța. Mwaka 1935 fundi seremala wa hapo, Stan Ioan Pătraș, alianza kuchonga misalaba ya mwaloni, akaipaka rangi ya buluu, akachora juu yake picha ya marehemu akiwa kazini, na chini ya picha akachonga beti za shairi. Shairi linasema kwa kauli ya marehemu mwenyewe. Mchunga kondoo anaeleza alivyochunga, mfumaji anaonekana kwenye kitanda cha kufumia, mlevi anakiri kwamba pombe ndiyo iliyommaliza, na mtoto aliyegongwa na gari analalamika kwamba gari lile lilimkuta nje ya kwao. Leo misalaba hiyo imepita 800. Pătraș alifariki mwaka 1977, na mwanafunzi wake Dumitru Pop akaichukua kazi.

Watu husifu zile rangi na ucheshi wake, lakini mimi naona jambo jingine. Seremala yule aliwajua watu wake. Alikaa nao, aliwasikia wakizungumza na wakizungumzwa, na mmoja alipofariki, yeye alikuwa anajua tayari la kuchonga. Angalieni pia alichokichagua: kazi ya mtu na tabia ya mtu, mbaya ikiwemo. Maneno kama "alikuwa mcheshi na mpenda watu" hayakumtosha, na kusema kweli hayapaswi kumtosha mtu yeyote. Yanamfaa kila maiti, kwa hiyo hayamfai hata mmoja. Ukisema "alikuwa akipitia njia ya juu kila asubuhi ili amwangalie mzee aliyekuwa akiishi peke yake", hapo umemtaja yeye peke yake.

Kazi hii ina muda wake. Mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alipoeleza jinsi jamii za Kiafrika zinavyouona wakati, alitumia maneno mawili ya lugha yetu: sasa na zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki katika sasa mara moja. Anabaki humo maadamu wapo hai waliomjua na wanaoweza kumtaja kwa jina. Wa mwisho kati yao akifariki, ndipo naye anapozama katika zamani. Wapo wanazuoni waliombishia Mbiti kuhusu wakati. Mimi huyarudia maneno yake kila ninaposikia mzee fulani ni mgonjwa, maana huwa nawafikiria watu kumi au ishirini waliobaki katika kumbukumbu zake tu. Na vijiji vinazidi kuwa vyepesi. Vijana wanaondoka, shule inafungwa. Kule Nagoro, kwenye kisiwa cha Shikoku nchini Japani, Tsukimi Ayano alirudi kumtunza baba yake, akashona sanamu ya kutisha ndege shambani yenye sura ya baba huyo, kisha akaendelea kuwashona majirani waliohama na waliofariki, mpaka sanamu zikawazidi watu. Ni kazi ya upendo, na sina la kuilaumu. Ila sanamu haiwezi kukwambia aliyefanana nayo alikuwa anasema nini.

Je, sababu ya kifo iandikwe? Nasema iandikwe, pale familia inaporidhia. Najua aibu inayoambatana na baadhi ya vifo, na sitaki mjane au mzazi aongezewe jeraha. Lakini kuficha nako kuna gharama. Katika eneo la mashambani la Matlab, nchini Bangladesh, watafiti wanaandika kila anayezaliwa na kila anayefariki tangu mwaka 1966, wakienda nyumba hadi nyumba. Pale ambapo mtu amefia nyumbani bila daktari, huketi na waliomuuguza wakauliza kwa utaratibu: homa ilianza lini, alikuwa anapumuaje, alikunywa nini, alikuwa wapi. Kuhesabu kwa uangalifu namna hiyo ndiko kulikoonyesha jinsi watoto wadogo wa nchi hiyo wanavyokufa maji, wengi wao kwenye madimbwi yaliyo hatua chache kutoka nyumbani, saa za asubuhi mama anapokuwa na kazi nyingi. Kwa kila mama ulikuwa msiba wake peke yake, bahati yake mbaya. Majibu yao yalipowekwa pamoja, ikaonekana kwamba saa zile ndizo watoto wanazohitaji mtu wa kukaa nao, na watu wakaanza kuwapangia malezi kwa saa hizo.

Wanaosahaulika kwanza ni wale wale siku zote. Kibarua aliyekuja msimu mmoja akafia hapo hapo. Mwenye ugonjwa wa akili aliyekuwa akipita akiimba. Mwanamke asiyezaa, maana wasifu zetu huwahesabu wanawake kwa watoto wao. Na mtoto mchanga aliyezikwa kabla hajapewa jina. Makaburi ya wenye uwezo yana mawe, ya hawa yana nyasi, na anayejua lilipo la nani ni mzee mmoja au wawili. Ningekuwa na amri juu ya kijiji chochote, jambo la kwanza ningewaomba wazee hao wapite makaburini na kijana mwenye kalamu, polepole, wakisimama kila mahali.

Mengine ni madogo. Muulizeni na jirani, siyo ndugu peke yao, kwa sababu ndugu hulinda sifa na jirani hukumbuka mambo. Andikeni jina la utani, maana wapo ambao hilo ndilo pekee watu wanalolijua. Rekodini sauti kwa simu, lakini msiishie hapo, simu huharibika na huibwa. Nakili kwenye karatasi, nakala mbili, nyumba mbili. Na yafanyike ndani ya siku za msiba, waliotoka mbali wakiwa bado hawajaondoka. Hamtawapata tena pamoja.

Mimi nilichelewa miaka tisa. Nilipoanza, nilichukua daftari nikaenda kwa akina mama waliozalishwa na bibi, mmoja baada ya mwingine. Nilitarajia wanihesabie watoto. Wa kwanza kunipokea akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia maishani mwangu: bibi akishamfuta mtoto na kumfunika, kabla hajampa mama yake, alimsogeza mlangoni akamwambia hali ya hewa ya siku ile. "Umekuja na mvua." "Umekuja na upepo." Nikadhani ni kumbukumbu ya mama huyo peke yake. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akacheka, akamwita kijana wake mwenye ndevu aje aseme yeye alikuja na nini.

Sasa daftari lina majina 63, na mbele ya kila jina nimeandika alichokuja nacho. Mjomba wangu naye amekuja mwenyewe kuniongezea wawili anaowakumbuka. Mwezi uliopita nilifika kwa bibi kizee mmoja anayeishi kule mwisho, niliyekuwa nimemruka kwa sababu hana mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nawaandika na wale wa mstari mfupi. Nikamwambia nawaandika. Akanieleza kwamba bibi alimsogeza wake mlangoni kama wengine wote, akamwambia kama alivyowaambia wengine, kisha ndipo akampa amshike.

Jina hakuwa amepewa. Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa nne, nimeandika: Mtoto wa kike. Alikuja na jua.