Naandika kila ninachokula lakini mzani haushuki

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Mbagala, nina kilo 91. Wiki ya tatu sasa nina daftari naandika msosi na mazoezi, asubuhi chai na andazi moja, mchana wali maharage, usiku ugali kidogo na mchicha, jioni nashuka daladala vituo viwili kabla natembea nusu saa. Mzani wa duka la dawa ulishuka kilo moja afu juzi ikarudi! Mume wangu anacheka anasema daftari ndo linanenepa. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Ila hiyo siku yako nimeisoma mara mbili na sijaona mafuta, sijaona sukari, sijaona soda hata moja, na Dar hii na joto hili siamini.

“Wali maharage” ni jina tu, sio kipimo. Sahani ipi, na nazi au bila? Mafuta je? Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120 na sisi tunamimina kwa macho tu. Chai andika na vijiko vya sukari. Soda ya mililita 500 ina sukari kama vijiko 13 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke kama 12 kwa siku nzima.

Afu unaandika saa ngapi? Mimi nilipoanza nilikuwa naandika usiku nimeshapanda kitandani, nikisoma naona nimekula kama mgonjwa. Siku moja nikafunga kikaratasi na kalamu kwenye pindo la khanga, kila kinachoingia mdomoni naandika bado natafuna: mchuzi wa kuonja, chapati aliyobakiza mtoto, karanga za jirani, muhogo wa kukaanga nusu. Kufika saa saba mchana mistari tisa, na chakula chenyewe bado hakijaiva! Nilicheka peke yangu jikoni.

Na sio ushamba wa kwetu tu, Marekani mwaka 2008 kuna utafiti wa watu karibu 1,700, walioandika kila siku walipungua karibu mara mbili ya wasioandika.

Kutembea endelea, ni kuzuri kwa moyo na presha, ila kwa uzito wako nusu saa inaunguza kama kalori 150 na andazi la pili linaweza kuzirudisha zote, kwa hiyo usijipe ruhusa ya kula eti kwa sababu umetembea. Mzani panda mara moja kwa wiki, mzani uleule, saa ileile. Hiyo kilo iliyorudi inaweza kuwa maji tu, chumvi ikizidi au hedhi ikikaribia inatokea sana. Kama una sukari au unatumia dawa yoyote, ongea na daktari kabla hujapunguza chakula.

Huyo baba watoto mpe na yeye kalamu siku tatu tu, na zile chipsi mayai za saa tano usiku aziandike humohumo.