Ukuta wa Tukuyu na goti la Akhwari

SWALI: Shikamoo, babu fundi. Sisi ni kikundi cha vijana na akina mama hapa Tukuyu. Mtaa umetupa ukuta wa mita 6 kwa mita 2 na nusu, unaotazama barabara, tuuchore kwa ajili ya Siku ya Olimpiki, Juni 23. Vijana wanataka zile pete tano, basi. Mimi naona haitoshi. Halafu mwaka jana tulipaka ukuta mwingine, mwezi wa Aprili. Kufika Agosti rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la ndizi. Tulikosea wapi?
Mama wa Watatu, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Aprili! Tena Tukuyu! Nimeandika vibao vya maduka Mwanjelwa, Mbeya mjini, zaidi ya miaka thelathini, nisingethubutu. Tofali la kuchoma hunywa maji masika yote, nanyi mkaliziba mdomo kwa rangi ya mafuta, sivyo? Unyevu ukitaka kutoka, husukuma rangi. Safari hii tumieni rangi ya maji ya nje, na kabla ya hapo bandikeni kipande cha nailoni ukutani jioni, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi. Asubuhi mkikuta matone ndani yake, ukuta bado. Subirini.

Juni mvua hupungua, ila kuna baridi na ukungu wenu ule. Rangi ya maji haishiki vizuri baridi ikishuka chini ya nyuzi 10. Anzeni saa nne, jua likishaupasha ukuta moto. Saa tisa brashi zioshwe, hata kama kuna mtu analia kwamba amebakiza mguu mmoja.

Sasa pete. Alizibuni Pierre de Coubertin mwaka 1913, na zina mwenyewe, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hata mkataba wa kuzilinda ulifanyiwa hapo Nairobi, mwaka 1981. Vijana waking'ang'ania, waandike barua mapema kwa Kamati ya Olimpiki Tanzania kuomba ruhusa. Ila mimi niko upande wako. Pete utaziona popote duniani. Mchoreni John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania.

Oktoba 20, 1968, Mexico City, mji ulio juu kuliko Tukuyu yenu, zaidi ya mita 2,200. Mbio za marathoni. Kijana wa Mbulu akabanwa na misuli, akaanguka, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Hiyo bandeji ndiyo picha yenu. Msiweke rangi nyeupe pengine popote ukutani, jicho liende gotini lenyewe.

Kuikuza si kazi ngumu. Chora picha kwenye karatasi ya sentimita 24 kwa 10, ipige miraba ya sentimita 2. Ukutani mraba mmoja uwe nusu mita, mnyooshe mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Mtapata miraba 60, kwa hiyo watu 60 wa mtaa wanaweza kuchora, kila mmoja na wake, hadi bibi muuza ndizi. Uso na goti mwachieni yule kijana wenu mwenye mkono mzuri, kila mtaa unaye. Hapo usawa haufai, nasema wazi.

(Kuanzia 1912 hadi 1948 Olimpiki ilitoa medali kwa wachoraji na wachongaji pia. Nimechelewa kuzaliwa.)

La mwisho, maana najua matone ya mvua ya kwenu yanavyorusha tope ukutani. Sentimita 50 za chini, safu nzima ya mwisho ya miraba, zipakeni rangi ya udongo wa Tukuyu wenyewe, kisha mpitishe mistari ya njia za kukimbilia, ya manjano. Masika ikija, tope litarukia humo humo anapokimbilia Akhwari, wala hakuna atakayejua lipi ni rangi na lipi ni barabara.