Letusi inatoa maua kabla ya kufunga kichwa
Dada, umeuliza kwa nini letusi yako hapo Kisumu inarefuka shina na kuwa chungu, wakati ya shangazi yako Nakuru inafunga vizuri: ni joto, si mbolea. Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru 1,850, kwa hiyo Nakuru kuna baridi zaidi. Achana na aina ya kufunga kichwa, panda ya majani. Joto la udongo likipita nyuzi 30 mbegu nyingi hulala tu bila kuota. Zisie jioni, kina cha nusu sentimita, kivulini. Ukihamisha miche, iachie nafasi ya sentimita 25 kati ya mche na mche, weka neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 na matandazo ya nyasi kavu. Anza kuchuma majani ya nje mapema.

Mche ukinyauka ilhali udongo ni mbichi, mwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi kabla hujanunua dawa.