Kabla ya kwenda kujitolea, jua tarehe ya kurudi

Juma lililopita niliandikiwa na msomaji aliyemaliza chuo Mwanza, akiniuliza afanyeje ili akajitolee nje ya nchi kwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu, kwani amesikia kwamba kazi hiyo hubadilisha maisha. Hubadilisha, ila yangu hayakubadilishwa na yale niliyoyaendea.

Mwaka 2019 nilipanda basi Bukoba, nikavuka mpaka Mutukula, nikapitia Masaka na Mbarara hadi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko Isingiro, Uganda, tangu mwaka 1958. Nilibeba sanduku la madaftari na, nakiri, majivuno yasiyo haba. Siku ya kwanza binti wa miaka kama tisa, mzaliwa wa Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa na mdogo wake mgongoni, hakuyatazama madaftari. Aliniuliza, "Mwalimu, weye utaenda siku gani?" Nikacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu walimu watatu wa kujitolea walikwisha kupita hapo, na kila mmoja aliondoka watoto walipoanza kumzoea.

Lililonitia aibu zaidi ni lugha. Watoto wakisema "batoto", mimi mtu wa Tanga nawasahihisha mbele ya wenzao, na nilifanya hivyo kwa majuma mawili, mpaka mwalimu mkimbizi niliyekuwa nikimsaidia aliponiita kando jioni, jembe mkononi, akitoka kwenye kipande chake cha mahindi. "Nyumba waliziacha, mashamba waliyaacha. Na lugha nayo utawavua?"

Kwa hiyo, ndugu yangu, kaa nyuma ya mwalimu wa pale, umsikilize kabla ya kufundisha. Simu iache mkobani. Kikundi kilichonipeleka kilimpiga picha binti yule bila kumwomba mtu ruhusa, nami nimo pembeni nikitabasamu. Nilikuja kuiona kwenye kalenda ya kuchangisha fedha, na hadi leo nikiikumbuka roho huniuma. Tena nakwambia, sikiliza kwanza. Anayekwenda ili aonekane ni mwema huwaongezea watoto mtu mwingine wa kumpoteza.

Mwezi wa pili niliandika tarehe yangu ya kuondoka kwenye pembe ya ubao, na kila asubuhi binti yule alichora mstari mmoja wa chaki chini yake. Siku ilipofika alikuja mapema, mdogo wake mgongoni, akaifuta mwenyewe.