Kabla ya Kuitazama Filamu ya Mwisho ya Harry Potter

Anayetaka kuitazama Harry Potter and the Deathly Hallows – Part 2, iliyotoka Julai 2011, huwa simshauri arudie filamu zote saba zilizoitangulia, bali mbili tu: ya sita, na sehemu ya kwanza ya Deathly Hallows iliyotoka Novemba 2010. Sehemu hizo mbili zimetokana na kitabu kimoja na zilirekodiwa pamoja chini ya mwongozaji David Yates, hivyo ya pili haina utangulizi. Inaanzia palepale ya kwanza ilipokomea, Voldemort, adui mkuu wa Harry, akiwa ameichukua fimbo ya uchawi kaburini mwa Dumbledore, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Harry. Ukiweza, zitazame siku moja, kwani zote mbili ni dakika 276 tu, na Part 2 yenyewe, kwa dakika zake 130, ndiyo fupi kuliko zote nane.

Ufupi huo una gharama yake. Kile kipande cha kioo anachobeba Harry kinajitokeza bila maelezo, kwa sababu filamu ya tano iliacha tukio la Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, kumpa kioo hicho. Na kikombe cha Hufflepuff, kimojawapo cha vitu ambamo Voldemort alificha vipande vya roho yake, kinatafutwa benki ya Gringotts ilhali filamu ya sita iliiruka kumbukumbu iliyoonyesha jinsi Voldemort alivyokipata. Nimeitazama nikiwa na watu ambao hawakusoma vitabu, na hapo ndipo maswali yao yalipoanzia. Aliyesoma vitabu na ayaeleze mambo haya mawili mapema, kisha anyamaze.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni hili: mfuatilie Snape, mwalimu wa Harry. Alan Rickman alimwigiza tangu filamu ya kwanza ya mwaka 2001, na J. K. Rowling, mwandishi wa vitabu, alikuwa amemdokezea jambo kuhusu mhusika huyo miaka mingi kabla ya kitabu cha mwisho kuchapishwa mwaka 2007. Kwa hiyo, anapomtazama Harry na kusita kidogo kabla ya kusema, huko si kusita kwa mwigizaji aliyesahau maneno yake. Irudie mechi ya Quidditch, mchezo wa wachawi wanaoruka kwa mafagio, ya filamu ya kwanza, uitazame midomo ya Snape. Kisha, karibu na mwisho wa ya sita, umtazame anavyomwashiria Harry anyamaze kabla ya kupanda mnarani. Kumbukumbu zake katika Part 2 zinaonyeshwa kwa dakika chache mno, na asiyekuwa na matukio hayo akilini huona mtu akilia tu. Zinaonyesha nini hasa, sitasema.

Waliokipenda kitabu wajiandae kwa pambano la mwisho. Kitabuni, Harry na Voldemort wanakabiliana ndani ya Ukumbi Mkuu wa shule, watu wote wakishuhudia na kusikia kila neno. Kwenye filamu wanarushana huku na huko nje ya kasri, na mwisho wake hauna shahidi. Naona kitabu kilifanya vyema zaidi, ingawa nakiri kwamba mazungumzo marefu kama yale yangewachosha watazamaji.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, acha toleo la 3D. Picha ziligeuzwa kuwa 3D baada ya kurekodiwa, na kwa kuwa mpigapicha Eduardo Serra alikwisha kuipa filamu mwanga hafifu, miwani ile huzidisha giza na kukuficha nyuso, hasa ya Rickman.