Reli iliyofia Highgate

Swali lenu la wiki limeuliza kama katika mji tunaoishi kuna mradi mkubwa ulioachwa njiani, na kama tungekuwa na uwezo tungeumalizia. Mimi nitaumalizia nusu. Nusu nyingine naiacha ilivyo, na nitasema kwa nini.

Ninaishi kaskazini mwa London, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Karibu kila siku napanda W7, basi linalotoka Finsbury Park, likapita Crouch End, likakwea kilima mpaka Muswell Hill. Asubuhi ya mvua foleni ya W7 ni adhabu. Huko juu wanaishi watu wenye nafasi zao, nyumba bei hazishikiki, lakini treni ya chini ya ardhi hakuna. Nilidhani ni kwa sababu ya kilima. Bibi mmoja ninayemhudumia ndiye aliyenitoa ushamba: alipokuwa na miaka kumi, treni ya moshi ilikuwa inafika hukohuko, hadi kwenye jumba la Alexandra Palace. Tena, akaniambia, ilikuwa ibadilishwe iwe ya umeme.

Ni kweli. Mwaka 1935 lilitangazwa fungu kubwa la kazi za kupanua usafiri wa London. Shirika la usafiri wa abiria la mji, lililokuwa na miaka miwili tu tangu liundwe, lingezichukua njia za treni za moshi za kaskazini, lizitie umeme na kuziunga na reli ya chini ambayo mwaka 1937 ilipewa jina la Northern line. Tawi moja lingekwenda High Barnet, jingine Alexandra Palace, jingine Edgware. Kutoka Edgware ingejengwa reli mpya kabisa kuvuka mashamba, yenye stesheni tatu: Brockley Hill, Elstree South na Bushey Heath. Ramani za abiria zikaanza kuchora njia hizo kabla hata hazijakamilika.

Kazi ilikwenda mbio. Handaki jipya kutoka Archway lilifika East Finchley Julai 1939, miezi miwili kabla ya vita. High Barnet ikapata treni za umeme Aprili 1940. Mei 1941 ikafunguliwa Mill Hill East, kwa kuwa palikuwa na kambi ya jeshi, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Ukitazama ramani ya leo utakiona kijitawi chenye stesheni moja tu kimening'inia pembeni, kama mkono usio na kiganja. Waliopata hasara zaidi ni watu wa kati ya hapo na Edgware. Treni zao za moshi zilisimamishwa Septemba 1939 ili kupisha matengenezo, wakapewa basi kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo.

Ukiuliza nani aliua mradi huu, wengi watakujibu: Hitler. Hapo ndipo ninapobisha.

Tuanze na kipande cha Bushey Heath. Hesabu yake ilitegemea nyumba ambazo bado hazijajengwa. London ilishazoea mtindo huo: unapeleka reli kondeni, wajenzi wanaifuata, na wakazi wapya ndio wanaokulipa nauli. Edgware yenyewe ilikua hivyo baada ya treni ya chini ya ardhi kufika mwaka 1924. Lakini mwaka 1938 ikatungwa sheria ya kulinda Ukanda wa Kijani, yaani mashamba na misitu inayouzunguka mji, na mwaka 1947 ikafuata sheria ya mipango miji iliyoongeza makali. Nyumba zikapigwa marufuku upande ule. Sasa treni ingembeba nani, ng'ombe? Kipande hicho kilizikwa na nyasi, bomu halikuhusika. Na mimi nasema kilizikwa kihalali. Ukipita Brockley Hill utaona mabaki ya matao ya daraja la reli yamesimama peke yake kwenye uwanda, na kuzunguka kwake bado ni kijani. Kama treni zingefika, pale pangekuwa na paa za nyumba mpaka macho yachoke.

Karakana ya kipande hicho ndiyo kichekesho. Ilijengwa Aldenham kwa ajili ya treni, vita vikaifanya kiwanda cha kuunga ndege za kivita za Halifax, na baada ya vita ikawa mahali pa kufumua na kuunda upya mabasi ya London, kazi iliyoendelea hadi 1986. Nyumba ya bibi harusi akaingia mke mwenza.

Alexandra Palace ni kesi nyingine kabisa. Huko nyumba zilikuwepo, watu walikuwepo, reli ilikuwepo. Kazi ya kutia umeme ilikuwa imefika mbali, na pale Highgate, njiani kwenda Alexandra Palace, stesheni ya juu ilishajengwa upya juu ya ile ya chini ili abiria abadilishe treni. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko kilichokwisha kufanyika. Baada ya vita wakasema fedha hakuna. Treni za moshi zikapunguzwa, watu wakahamia kwenye mabasi, kisha uchache wao ukageuzwa ushahidi kwamba njia haihitajiki. Unamnyima ng'ombe majani, halafu unamchinja kwa kosa la kutotoa maziwa. Treni ya mwisho ya abiria ilipita Julai 1954.

Huenda jambo hili linaniuma kwa sababu mimi ni mtu wa Nachingwea. Miaka ileile serikali ya Uingereza ilipokuwa ikilia ukata London, ilikuwa ikitandaza reli kwetu kwa ajili ya mradi wa karanga. Karanga zikakataa, mradi ukavunjwa mwaka 1951, na reli nayo ikaja kung'olewa. Kwa hiyo kulitambua tuta la reli lililofunikwa na majani, hilo nililijua tangu utotoni.

Tuta la hapa ni zuri, nakiri. Tangu 1984 njia kati ya Finsbury Park na Highgate ni ya waenda kwa miguu, inaitwa Parkland Walk. Pale Crouch End unapita katikati ya majukwaa mawili ya stesheni, huku watoto wakirukaruka mahali abiria walipokuwa wakisubiri. Jumapili mimi mwenyewe hutembea pale. Ukifika Highgate, mahandaki yamefungwa kwa vyuma, ndani wamelala popo wanaolindwa na sheria.

Basi jibu langu ni hili: Bushey Heath iachwe na nyasi zake, lakini njia ya Alexandra Palace ningeirudisha, hata kwa tramu. Nilipomwambia bibi akafurahi, kisha akauliza popo watahamia wapi. Nikamwambia W7 imefika, nikaondoka.